Lishe ya Kambare: Kirutubisho cha Asidi Amino Hufaa Wapi, na Hupotea Wapi

Katika ufugaji wa kambare, ambaye wakazi wengi wa Katavi humwita kambale, chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya fedha yote ya mfugaji. Bwawa huchimbwa mara moja na vifaranga hununuliwa mara moja kwa msimu, lakini chakula hutakiwa kila siku hadi samaki watakapovuliwa. Kwa sababu hiyo, mfugaji au kikundi cha Kata ya Kabungu kilichokopa fedha ili kuanzisha bwawa hupata faida au hasara kutokana na kile kinachotupwa majini asubuhi na jioni.

Siku hizi katika maduka ya pembejeo zinapatikana pakiti za virutubisho zinazosemwa kuwa na asidi amino za kukuza samaki kwa haraka. Wapo wanaozisifu, na wapo waliozitumia wasione tofauti yoyote. Pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli, kwa kuwa kirutubisho hiki huongeza ukuaji pale tu kinapoziba pengo lililokuwamo katika chakula. Pasipokuwa na pengo, fedha imepotea. Somo hili linaeleza namna ya kulitambua pengo hilo kabla ya kufungua mkoba.

Asidi amino ni nini

Nyama ya samaki, kama ilivyo nyama ya binadamu na ya kuku, hujengwa kwa protini. Protini yenyewe ni mnyororo mrefu uliounganishwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kambare anapokula dagaa au mashudu, tumbo lake huuvunja mnyororo huo, vipande vikaingia katika damu, kisha mwili ukaviunganisha upya kwa mpangilio wa nyama ya kambare.

Baadhi ya vipande hivyo mwili wa samaki huweza kuvitengeneza wenyewe. Vingine hauwezi, na ni lazima vitoke katika chakula. Mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani John Halver na wenzake walionyesha kwa majaribio ya samaki aina ya samoni kuwa asidi amino za lazima ni 10, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa kambare naye huzihitaji hizo hizo: arginini, histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Katika vyakula vinavyotokana na mimea, mbili ndizo hupungua mara nyingi kuliko nyingine, nazo ni lisini na methionini. Ndiyo maana virutubisho vingi vinavyouzwa huwa ni vya asidi amino hizo.

Kanuni ya kilicho pungufu

Utendaji wa asidi amino hufanana na kazi ya fundi wa milango. Mlango mmoja huhitaji mbao 5, bawaba 3 na komeo 1. Fundi mwenye mbao za milango 10, makomeo 10 na bawaba 18 atatengeneza milango 6 tu. Kumwongezea mbao hakutamsaidia hata kidogo, bali kumwongezea bawaba 12 kutamfikisha kwenye milango 10. Na mbao zilizosalia, kama hana pa kuzihifadhi, zitaishia kuwa kuni.

Mwili wa kambare hauna ghala la asidi amino. Ikiwa lisini ya mlo inatosha theluthi mbili tu ya kazi, basi theluthi mbili tu ya protini yote ndiyo itakayogeuka nyama. Kinachobaki huchomwa mwilini kama kuni, na moshi wake ni amonia, ambayo samaki huitoa kupitia mashavu na kuingia katika maji ya bwawa. Hivyo mlo usio na uwiano hudhuru mara mbili: samaki hudumaa, na maji huchafuka upesi.

Kambare anahitaji kiasi gani

Kambare ni samaki anayependa chakula chenye protini nyingi. Vifaranga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi, na wale wanaonenepeshwa huhitaji kati ya asilimia 30 na 35. Kuhusu lisini, majaribio yaliyofanywa Marekani kwa kambare wa huko yalionyesha haja ya takriban gramu 5.1 katika kila gramu 100 za protini. Watafiti wa Nigeria, akiwemo O. A. Fagbenro, waliochapisha matokeo yao mwaka 1998 kuhusu kambare wa Afrika, ambaye ndiye anayefugwa nchini Tanzania, walipata kiwango kilichozidi hapo kidogo. Mfugaji anayelenga kati ya gramu 5 na 6 hatakuwa amekosea njia.

Vyakula vinavyopatikana katika Mkoa wa Katavi na mikoa jirani hutofautiana sana. Makadirio yafuatayo ni ya kawaida, ingawa hubadilika kulingana na ubora wa mali na namna ilivyokamuliwa. Tarakimu ya kwanza ni protini katika kila kilo 100 za chakula, na ya pili ni lisini katika kila gramu 100 za protini hiyo.

Dagaa waliokaushwa na kusagwa: protini kilo 55; lisini gramu 7.
Mashudu ya soya: protini kilo 45, lisini gramu 6.
Mashudu ya karanga: protini kilo 45, lisini gramu 3.4.
Mashudu ya pamba: protini kilo 38, lisini gramu 4.
Mashudu ya alizeti: protini kilo 30, lisini gramu 3.5.
Pumba za mpunga: protini kilo 12, lisini gramu 4.5.
Pumba za mahindi: protini kilo 10, lisini gramu 3.

Mashudu ya karanga yana protini nyingi sawa na ya soya, lakini lisini yake inakaribia nusu tu ya ile ya soya. Mfugaji anayepima chakula kwa protini peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo, bali kambare ataiona.

Hesabu ya milo miwili

Mlo wa kwanza, kilo 100, umechanganywa kwa mashudu ya karanga kilo 50, mashudu ya alizeti kilo 30 na pumba za mahindi kilo 20. Protini yake ni kilo 22.5 kutoka karanga, kilo 9 kutoka alizeti na kilo 2 kutoka pumba, jumla kilo 33.5. Kwa macho ya wengi huu ni mlo kamili. Lakini lisini yake ni kilo 1.14 tu, yaani gramu 3.4 katika kila gramu 100 za protini. Kilichohitajika ni kilo 1.71. Pengo ni kilo 0.57, sawa na theluthi moja ya mahitaji.

Mlo wa pili, kilo 100 pia, una dagaa kilo 20, mashudu ya soya kilo 30, mashudu ya alizeti kilo 25, pumba za mahindi kilo 22, na kilo 3 za mafuta, vitamini na madini. Protini yake ni kilo 34.2, karibu sawa na ya mlo wa kwanza. Lisini yake ni takriban kilo 1.9, ilhali kilichohitajika ni kilo 1.74. Hapa hakuna pengo.

Lisini ya dukani hutengenezwa viwandani kwa kuchachusha sukari au wanga kwa bakteria, njia iliyotokana na ugunduzi wa watafiti wa Japani katika miaka ya 1950. Ile iuzwayo kwa wingi, iliyoshikamana na chumvi ya hidrokloridi, huwa na lisini halisi ya takriban asilimia 78. Basi ili kuziba pengo la kilo 0.57 katika mlo wa kwanza, zinatakiwa gramu 730 za unga huo kwa kila kilo 100 za chakula. Katika mlo wa pili hazitakiwi hata gramu 10.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini wengine hutumia virutubisho wasione matokeo. Pakiti ya gramu 100, hata ikiwa ni lisini tupu, hutoa gramu 78 tu, yaani karibu sehemu 1 kati ya 7 ya pengo la mlo wa kwanza. Na pakiti nyingi za mchanganyiko zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya kuku huwa na vitamini pamoja na asidi amino kwa viwango vidogo mno. Zinaweza kuwafaa kuku wanaoumwa au waliochoka kwa safari, lakini haziwezi kujaza upungufu wa chakula cha bwawa.

Fedha inasemaje

Bei zifuatazo ni za mfano wa hesabu, si bei za soko. Ikiwa mlo wa kwanza unagharimu shilingi 1,500 kwa kilo, na kilo 2 za chakula zinahitajika ili kupata ongezeko la kilo 1 ya samaki, basi kilo hiyo ya samaki imegharimu chakula cha shilingi 3,000. Ikiwa lisini ni shilingi 10,000 kwa kilo, gramu 730 zitaongeza shilingi 73 katika kila kilo ya chakula, ambacho sasa kitagharimu shilingi 1,573. Endapo chakula kinachohitajika kitashuka hadi kilo 1.7, gharama itakuwa shilingi 2,674. Mfugaji ameokoa shilingi 326 kwa kila kilo ya samaki.

Mlo wa pili ukigharimu shilingi 2,000 kwa kilo, na kilo 1.5 zikitosha kuleta kilo 1 ya samaki, gharama ni shilingi 3,000. Akiongeza lisini ile ile, chakula kitafika shilingi 2,073 huku samaki wakikua vile vile, na gharama itapanda hadi shilingi 3,110. Amepoteza shilingi 110 kwa kila kilo. Unga ni ule ule. Kilichotofautiana ni mlo ulioongezewa.

Kwa bei hizo za mfano, lisini hulipa tu ikiwa inapunguza chakula kinachotumika kwa karibu asilimia 5 au zaidi. Kila mfugaji aweke bei halisi za siku anayonunua na kuirudia hesabu.

Suala la dagaa

Huenda mtu akauliza kwa nini asitumie dagaa tu, kwa kuwa ndio wenye lisini nyingi kuliko vyote. Jibu limo katika ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mfugaji ambaye bwawa lake linategemea dagaa peke yao hujikuta hana chakula katika kipindi cha namna hiyo. Tena dagaa ni kitoweo cha binadamu. Kila kilo inayotiwa bwawani imeondolewa mezani kwa mtu.

Hapa ndipo faida kubwa ya asidi amino ilipo. Humwezesha mfugaji kupunguza dagaa na kutumia zaidi mashudu yanayotokana na mazao ya mashamba, bila kambare kudumaa. Kirutubisho hakimfanyi kambare akue kupita maumbile yake. Humfanya akue inavyostahili kwa chakula kilicho nafuu. Mlo unaotegemea soya kwa wingi, kwa kawaida, hupungukiwa methionini kabla ya lisini, hivyo anayeondoa dagaa na kuweka soya ataangalia kwanza methionini.

Namna ya kuchanganya na kulisha

Lisini huyeyuka upesi katika maji. Unga ulionyunyizwa juu ya pumba na kutupwa bwawani huwanufaisha zaidi mwani kuliko samaki. Hatua zifuatazo hupunguza upotevu huo.

1. Pima kirutubisho kwa mizani, si kwa kijiko wala kwa kukisia.
2. Changanya kwanza gramu zilizopimwa na kilo 5 za pumba zilizosagwa, mpaka zilingane. Kisha changanya hizo na chakula kilichosalia. Kumwaga gramu 730 moja kwa moja katika kilo 100 huacha sehemu moja ikiwa na nyingi na nyingine ikiwa haina.
3. Tengeneza tembe kwa mashine ya kusagia nyama, ukitumia uji mzito wa unga wa muhogo kama kishikizo. Acha uji upoe kidogo kabla ya kuchanganya.
4. Anika tembe mahali pakavu penye kivuli na upepo hadi zikauke kabisa, kisha zihifadhi zisipate unyevu.
5. Gawa chakula cha siku katika milo 2 hadi 4. Asidi amino za dukani huingia katika damu mapema kuliko zile zilizomo ndani ya mashudu. Mlo mmoja mkubwa huzifanya zifike peke yao na kuchomwa kabla ya wenzake kuwasili.
6. Acha kulisha mara samaki wanapopunguza kasi ya kula.

Kuzidisha kiwango hakuongezi ukuaji. Ziada hugeuka amonia, na methionini iliyozidi sana huweza kuwapunguzia samaki hamu ya kula.

Mambo yanayoharibu lisini kabla haijafika bwawani

Soya mbichi ina viini vinavyozuia usagaji wa protini tumboni. Ni lazima ichemshwe au ikaangwe. Lakini ikikaangwa hadi kuwa nyeusi, lisini yake hushikamana na sukari na samaki hawezi tena kuitumia. Rangi ya kahawia isiyokolea inatosha. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo nayo huishika lisini, hivyo yasiwe sehemu kubwa ya mlo. Mashudu ya karanga yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na hakuna kirutubisho kinachoiondoa, yatupwe. Dagaa waliochanganyika na mchanga huongeza uzito wa gunia pasipo kuongeza protini.

Zaidi ya hayo, asidi amino haziwezi kurekebisha kasoro za bwawa. Kambare hukua vyema katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Katika Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi, samaki hula kidogo, na kuongeza kirutubisho wakati huo ni kupoteza mali. Vilevile kambare waliopishana ukubwa hulana. Mfugaji asiyewatenga kwa ukubwa atawakuta wachache wamenenepa na wengi wametoweka, akadhani chakula ndicho kilichofanya kazi.

Jaribio la wiki 8

Kabla ya kununua kirutubisho cha msimu mzima, mfugaji au kikundi kinaweza kujipatia ushahidi chenyewe. Vitundikwe vizimba viwili vya wavu wenye matundu madogo ndani ya bwawa moja, kila kimoja kikiwa na samaki 50 wa ukubwa unaolingana. Wapimwe uzito wote kwa pamoja siku ya kwanza. Kizimba kimoja kipewe chakula cha kawaida, na cha pili chakula kile kile kilichoongezewa lisini, kwa uzito ulio sawa kila siku. Wapimwe tena kila baada ya wiki 2, na kila tarakimu iandikwe daftarini.

Mwisho wa wiki 8, gawanya kilo za chakula kwa kilo za uzito ulioongezeka. Ikiwa kila kizimba kimekula kilo 14, na cha kwanza kimeongezeka kilo 7 huku cha pili kikiongezeka kilo 8.2, basi cha kwanza kimetumia kilo 2 kwa kila kilo ya samaki na cha pili kilo 1.7. Tofauti hiyo ipimwe kwa fedha kama ilivyoonyeshwa. Endapo vizimba vinalingana, mlo haukuwa na pengo la lisini, au kasoro iko kwingine, na fedha ya pakiti itumike kwa jambo jingine.

Wakati wa kununua

Pakiti inayostahili kununuliwa hutaja jina la asidi amino iliyomo, kiasi chake kwa gramu au kwa asilimia, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maneno kama "hukuza haraka" pasipo kiwango chochote si maelezo ya bidhaa. Asiyejua protini ya mashudu aliyo nayo anaweza kupeleka sampuli katika maabara ya uchambuzi wa vyakula vya mifugo, kama zile za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mafunzo ya ufugaji hutolewa pia na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambao una kampasi mjini Kigoma.

Kwa mkazi wa Kabungu, mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Ugani wa kata. Aende na orodha ya vyakula anavyochanganya, uzito wa kila kimoja, na daftari la uzito wa samaki wake. Kwa karatasi hizo na orodha ya lisini iliyomo katika somo hili, pengo la mlo wake linaweza kupigiwa hesabu katika kikao kimoja, kabla shilingi haijatoka mfukoni.